Ukurasa wa Kwanza Tu

Ilomba, Mbeya
Jumatatu, 11 Machi 2024

Kwa mpendwa Mama Timotheo,

Kamwene, shoga yangu. Unaona, tangu tulale wewe kitanda cha juu mimi cha chini pale bwenini Iringa, Kihehe changu ni hicho kimoja tu, na bado ninacho.

Pole sana kwa kufiwa na Baba Timotheo. Najua umeninunia kwa kutofika mazikoni, na haki unayo. Nilipiga simu yako mara tatu. Mara zote alipokea mwanamume, akasema mama yuko na wazee, na ya tatu akaniuliza mimi ni nani wa nani. Nikakata. Nimeona afadhali niandike, nimpe dereva wa basi bahasha mkononi, na wewe unijibu vivyo hivyo. Ukinitumia sauti kwenye simu, kesho asubuhi inasikilizwa saluni nzima, watu wanajua kucheka na msiba wa mtu. Karatasi haisambai.

Sasa habari yangu. Umemsikia Mama Eveline Ambokile? Yule wa chama cha Chungu, mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha mwenyekiti wa taifa kwenye chama kile, na anasema uchaguzi ujao anagombea urais. Mwenzio ndiye mwenezi wake mkoa huu. Mimi, Ruwaida wa duka la vitambaa, napanda jukwaani na kipaza sauti.

Usidhani huku wote wanampenda. Kaka yangu Isihaka anasema mwanamke akipanda jukwaani kusema mwanamke arudi nyumbani, basi aonyeshe mfano, ashuke. Bibie, yule jirani yangu anayeuza mchele soko la Soweto, anampenda mno, lakini ukimuuliza mama kasema nini hajui, anachojua ni kwamba wanaume wanasimama akiingia. Wasichana wa chuo walimzomea juzi kwa yale maneno yake ya mali za ukoo na heshima ya mume. Wazee wanaume ndio hoi, wanamkubali mpaka wanatoa machozi, eti hatimaye kapatikana mwanamke anayejua nafasi yake.

Mimi nasema mwacheni kwanza akae. Akishakaa, mengine atayarekebisha hukohuko. Lini tumewahi kupata wa kwetu?

Niandikie. Nataka kujua unaishije, wanakutendeaje hao wa upande wa marehemu. Kesho tunaanza kufunga, niombee subira na hili jua.

Wako wa siku zote,
Ruwaida (Mama Junaid)

*

Igowole
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Mpendwa dada yangu Ruwaida,

Tumsifu Yesu Kristo, nawe uitikie kwa namna yako kama zamani. Salamu nyingi sana zikufikie wewe, Baba Junaid na watoto wote. Ukitaka kujua hali zetu, sisi huku hatujambo kabisa. Watoto ni wazima, Timotheo yuko kidato cha pili, mdogo wake ameota meno ya mbele. Mvua ni nzuri, chai imechipua vizuri kuliko mwaka jana.

Sikukununia. Simu nilikuwa sina mimi, kama ulivyoona.

Kuhusu msiba, namshukuru Mungu, ukoo wa mume wangu hawajaniacha. Shemeji Sosthenes amelishika shamba la chai ili nipate kupumzika, na kadi ya kupimia majani anaitunza yeye. Wazee walikaa nami wakaniambia mwanamke aliyefiwa hapaswi kuhangaika na mashamba, yapo mikononi mwa ukoo, nami niliwaitikia kwa heshima. Nakula, nalala, sijakosa chumvi.

Huyo Mama wenu nimemsikia redioni na nimefurahi mno. Mwanamke wa huku kwetu kwenye baridi kufika pale! Mfikishie salamu zangu. Mwambie kuna mjane mmoja wa Igowole anamwombea kila jioni.

[Ukurasa wa pili]

Sasa dhumuni la barua hii. Ruwaida, wananinyang'anya shamba.

Mume wangu Didas alizikwa Alhamisi. Jumamosi Sosthenes aliingia chumbani kwangu na wazee wawili, akabeba sanduku la karatasi, akachukua kadi ya majani, ile ya kulipiwa chai, na simu yangu. Niliitikia kwa sababu walikuwa wanaume watatu na mimi nimekaa chini na kanga ya msiba. Ningefanya nini? Unajua shamba lile. Halikutoka kwa baba yake Didas. Tulinunua wenyewe, ekari mbili na nusu, tukaandikiana kwa mwenyekiti majina yetu wawili, mimi nikiwa na mimba ya Timotheo. Kila mche nimeuinamia. Karatasi hiyo ilikuwa kwenye sanduku. Sasa nikiiulizia wanasema haijawahi kuwepo.

Nimepewa mambo mawili nichague. Niwe chini ya Sosthenes, yaani nirithiwe, mke wa pili, au nirudi kwetu Ifunda na watoto wabaki. Nimesema hapana kwa yote mawili. Nimesema mara tatu, mbele ya Mama Amos jirani yangu, kwa hiyo sasa Sosthenes ananiita jeuri.

Ninachokuomba ni hiki. Mama yenu akifika huku, aseme neno moja tu jukwaani, kwamba mjane asiguswe kwenye alichochuma na mumewe. Basi. Hawa wazee sheria hawaisikilizi, ila huyo mama wanamsikiliza kama padri. Akisema yeye, Sosthenes atarudisha kadi kabla jua halijazama.

Usiniache, dada yangu. Mtu mwingine sina.

Ndimi,
Severina Kalinga (Mama Timotheo)

*

Ilomba, Mbeya
Jumamosi, 13 Aprili 2024

Mpendwa Mama Timotheo,

Idd imepita salama, tumekula pilau mpaka tumeanza kujuta. Bibie anakusalimu bila kukujua.

Barua yako niliipata na niliisoma kwa machozi. Nimemfikishia Mama. Ameipenda mno, shoga. Aliisoma mwenyewe, akaniambia, "Ruwaida, hii ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta." Wallahi ndivyo alivyosema.

Jumamosi ijayo, tarehe 20, tunaanza ziara ya Iringa na yupo Igowole saa nane mchana, uwanja wa mpira. Nenda. Simama mbele. Kuna jambo atalisema linalokuhusu wewe, sitaki kukuharibia. Nimekutumia kitenge chenye sura yake kwenye mfuko huu, vaa kilemba nacho.

Mimi mwenyewe sitakuwepo, nimeitwa Dodoma kwenye kikao. Kuna nafasi inazungumzwa. Niombee na mimi.

Wako,
Ruwaida

*

Igowole
Jumapili, 21 Aprili 2024

Dada Ruwaida,

Habari za huko. Huku hatujambo.

Nilikwenda. Nilijifunga kilemba chako, nikamvuta Mama Amos ingawa hakutaka, yeye tangu mwanzo anasema mwanamke akisifiwa sana na wanaume ujue kuna kitu ameahidi. Tukasimama mstari wa mbele kabisa, miguu kwenye matope. Mama aliposhuka kwenye gari nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Amevaa sweta la kijani kama la mwalimu wetu wa zamu, anaongea taratibu, hapayuki kama wanaume. Kwa kweli nilimpenda. Nakuambia ukweli huu ili ujue nilivyosimama pale.

Akaongea ya barabara, ya bei ya mbolea, watu wakashangilia. Akasema watoto wa siku hizi hawasalimii, bibi zetu wakaitikia kabisa. Kisha akasema, sasa nawasomea barua ya mwanamke wa hapahapa Igowole, jina lake nalihifadhi. Akatoa karatasi. Nikaufahamu mwandiko wangu kutoka chini pale.

Akasoma. "Ukoo wa mume wangu hawajaniacha. Shemeji amelishika shamba la chai ili nipate kupumzika." Akasoma taratibu kama Injili. "Wazee waliniambia mwanamke aliyefiwa hapaswi kuhangaika na mashamba, nami niliwaitikia kwa heshima." Akafika kwenye chumvi. Watu wakacheka kwa upendo. Akakunja karatasi. Nikawa nangoja atoe ya pili, Ruwaida. Naapa nilikuwa nangoja, nimebana mikono, nasema moyoni sasa, sasa. Akasema, "Mnaona? Huyu hakukimbilia mahakamani. Hakufundishwa na watu wa mashirika kuwachukia wakwe zake. Mwanamke wa mila ni huyu, na nchi nitakayoiongoza itajengwa na wanawake kama huyu."

Wanaume walirusha kofia. Wachumaji wa chai, wale wasichana wa kambini, wakaondoka mmoja mmoja, na upande wa wanawake hakuna aliyepiga kigelegele. Wazee wa Kalinga wote waligeuka kunitazama. Jina hakulitaja, lakini hapa nani hajui ni shemeji gani ameshika shamba la nani. Sosthenes akapanda jukwaani kumpa mkono, na mtu wa Mama akampa ile karatasi kama zawadi.

Sijalala. Nimegeuza hili jambo kila upande, na ninavyoona mimi, Mama huyo amekuzunguka na wewe. Umempa kurasa mbili kwa nia njema, yeye akaficha ya pili akatumia ya kwanza. Pole, najua unavyomwamini. Na kosa ni langu pia. Wewe si mgeni, unajua sisi watu wa huku hatuanzi barua na shida. Hata nyumba ikiwa inaungua mtu ataulizia kwanza watoto wa mwenzake kama wameamka salama. Niliandika salamu, mwenzangu, na sasa salamu zangu zimekuwa ushahidi.

Baraza la kata linatuita tarehe 14 Mei. Tafadhali umwombe ukurasa wa pili, uniletee au unitumie. Nikiuonyesha pamoja na wa kwanza, wataelewa. Ni hilo tu ninalohitaji, hata asirudie kuja.

Ndimi,
Severina

*

Sosthenes A. Kalinga
Igowole
23/4/2024

Kwa Bi. Severina, mke wa marehemu Didas Kalinga.
Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji. Nakala: Katekista.

YAH: SHUKRANI NA MAELEKEZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ingawa nyumba zetu zimetenganishwa na ua tu, nimeona niandike ili pawe na kumbukumbu.

Ukoo umefurahishwa sana na maneno yako kama yalivyosomwa na kiongozi wa kitaifa. Tulikuwa tumeanza kukudhania vibaya kutokana na kauli zako za mdomo, kumbe moyoni umeshakubali. Karatasi yenye mwandiko wako ninayo na nitaiwasilisha kwenye baraza la kata ili tusipotezeane muda.

Maelekezo: kuanzia wiki hii wachumaji wataingia shambani kwa idhini yangu. Wewe usishike kikapu, pumzika kama ulivyoandika.

Pia ukoo unaona fahari. Hakuna ukoo mwingine hapa uliosomewa jukwaani.

Ni mimi shemeji yako mpendwa,
S. A. Kalinga

*

Ilomba, Mbeya
Jumatano, 8 Mei 2024

Mpendwa Mama Timotheo,

Samahani kwa kuchelewa, nimekuwa njiani kama kondakta.

Nimesoma barua yako nikaumia. Sikujua kabisa kwamba angesoma vile. Mimi nilimpa karatasi zote mbili, zikiwa zimebanwa pamoja, na zikabaki kwake. Nimeulizia ofisini kwao wakasema mafaili yote ya ziara yamepelekwa Dar na kule hakuna anayejua kitu. Nimejaribu, shoga, usidhani sijajaribu.

Lakini hebu tulitazame kwa utulivu. Mama hakukutukana, amekusifu. Kuna wanawake wangapi nchi hii wamesifiwa mbele ya watu elfu tatu? Huenda ukivumilia kidogo, ukakaa vizuri na shemeji yako, mambo yakalainika yenyewe. Baraza ni kelele tu, na kelele hizo zikipanda zitafika magazetini, na hapo watamtumia Mama kuonyesha kwamba mwanamke hawezi. Wanangoja akosee, Severina. Kila siku wanangoja. Akianguka huyu, hawatampa mwingine nafasi hii miaka hamsini.

Mimi nimependekezwa kuwa mwenezi wa taifa. Nikipata, nitakuwa karibu naye na nitaweza kumweleza mambo ya wajane taratibu kutoka ndani. Nipe muda.

Nimekutumia sukari na majani ya... nilitaka kuandika majani ya chai, nikajicheka.

Wako,
Ruwaida

*

Igowole
Alhamisi, 16 Mei 2024

Dada Ruwaida,

Habari za siku. Huku watoto wazima, wanakusalimu.

Sukari imefika, ahsante.

Baraza limekaa juzi. Walikuwa wazee watano na mama mmoja, yule mama alikuwa amevaa kitenge cha Mama Eveline gauni zima. Sosthenes akatoa karatasi. Wakaniuliza, mwandiko huu ni wako? Nikasema ni wangu. Walikulazimisha kuandika? Nikasema hapana, ila ile ni salamu, barua yenyewe iko ukurasa wa pili. Wakauliza uko wapi. Nikasema uko Dar es Salaam kwenye faili. Walicheka mpaka mzee mmoja akakohoa.

Mama Amos alisimama akasema alinisikia nikikataa mara tatu. Wakamwambia akae, yeye ni jirani, na jirani huwa na yake. Katibu akaandika kwamba mjane alikubali kwa hiari yake kwa maandishi, na kwamba usuluhishi umekamilika. Ukamilike wapi na mimi nimesimama pale nasema hapana.

Katibu ni kijana mwelewa, aliniita pembeni akaniambia kata inasuluhisha tu, haiamui, niende baraza la ardhi la wilaya nikafungue shauri. Lakini akasema, mama, bila hiyo karatasi ya pili au mtu aliyeisoma, utawaambia nini?

Umesema nikae vizuri na shemeji. Juzi jioni alituma mtu kunipimia urefu wa kitanda, kwamba ananiletea godoro jipya. Sitakueleza zaidi, wewe ni mtu mzima. Ukisema vumilia, ujue unaniambia nivumilie hicho.

Ya kumwonea huruma Mama kwa sababu wanangoja aanguke, nimeyafikiria kwa haki kabisa. Nilimwombea kila jioni, sikukudanganya. Lakini Ruwaida, yeye ana walinzi na magari manne, na mimi nina ekari mbili na nusu. Kwa nini mimi ndiye wa kumbeba yeye?

Nimesikia kwa katekista kwamba Jumapili ya tarehe 26 yuko Iringa mjini, anasali kisha anapokea wageni kwenye hosteli ya kanisa. Nitakwenda mwenyewe. Nitampigia magoti nimwombe karatasi yangu. Sina ugomvi naye, nataka karatasi tu.

Ndimi,
Severina

*

Ilomba, Mbeya
Jumatatu, 20 Mei 2024

Mama Timotheo,

Barua yako imenifika sasa hivi na basi linaondoka, nakuandikia nimesimama.

Usiende Iringa. Nakuomba kama dada yako. Hawatakuruhusu kumwona, utadhalilika bure, na kuna watu wa magazeti pale. Nitakuja mimi mwenyewe Igowole mwisho wa mwezi tukae tuzungumze, kuna jambo nataka kukueleza kwa mdomo.

Tafadhali nisubiri.

Ruwaida

*

Igowole
Jumatano, 5 Juni 2024

Ruwaida,

Sina salamu. Nakwenda moja kwa moja.

Nilikwenda Iringa. Barua yako niliikuta kituoni, nikaisomea ndani ya basi, na nilipofika kwenye "nisubiri" nikajua ni lazima niende. Mwisho wa mwezi umepita na hukuja. Hilo nalo nililijua.

Waliniruhusu kumwona. Nilikaa foleni tangu saa nne mpaka saa tisa na nusu, nyuma ya wazee wa mila na wachungaji wawili. Nikaingia. Alikuwa amevua viatu, miguu imevimba, anakunywa uji. Nikapiga magoti, akaniambia inuka, mwanangu, sakafu ni baridi. Nikamweleza mimi ndiye mjane wa Igowole. Akafurahi kweli, akanishika mikono yote miwili. Nikamwambia Mama, naomba ukurasa wangu wa pili.

Akaniuliza, wa pili upi?

Nikamwambia barua ilikuwa na kurasa mbili. Kisha akasema, "Mimi nililetewa ukurasa mmoja. Niliona hauna sahihi chini, lakini sikuuliza." Akasema ulimpa kwa mkono wako, gari likiwa linawaka, ukamwambia, "Mama, huyu ni rafiki yangu wa bweni. Hivi ndivyo wajane wa huku wanavyoishi." Nikamwomba arudie. Akarudia, hakubadilisha hata neno.

Mwezi mzima nimekuwa nikikupa pole, Ruwaida. Nimekuandikia kwamba amekuzunguka. Ulisoma pole zangu ukakaa kimya, ukanitumia sukari.

Nikamweleza Mama yaliyo kwenye ukurasa wa pili, yote, na la godoro. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia au atampigia mtu simu. Akaweka kikombe chini akaniambia, "Nitakuambia ukweli, kwa sababu umetoka mbali. Hata ningeletewa zote mbili ningesoma ile ya kwanza. Mali ya ukoo ibaki kwenye ukoo, nimeyasema haya tangu siku ya kwanza, sijawahi kuyaficha. Mlinipigia vigelegele. Mlidhani nawatania?"

Nimerudi na hayo maneno kwenye basi mpaka Mafinga. Namchukia, lakini hapo hakunidanganya. Kweli tulidhani anatania. Mimi, wewe, Bibie wako wa mchele, yule mama wa gauni zima pale kata, wote tulimtazama tukaona sweta na kilemba, tukasema huyu ni wetu, yale maneno ni ya kuwapendeza wanaume tu, akishakaa atayaacha. Hakuna aliyetuambia hivyo. Tulijiambia wenyewe. Kosa hilo nalibeba, sehemu yangu.

Lakini wewe hukudhani. Wewe ulikuwa na karatasi zote mbili mkononi. Ulikaa nyumbani kwako Ilomba ukazibandua. Ulisoma nilipoandika usiniache, mtu mwingine sina, ukauweka huo pembeni ukauchukua ule wa chumvi. Nimejaribu kukufikiria ukifanya hivyo ukiwa unalia, ili nipate unafuu. Sipati.

Nasikia redioni umeteuliwa mwenezi wa taifa. Mama Amos alitaka nizime, nikasema acha tusikilize. Ulisema unajitoa kwa ajili ya mwanamke wa kijijini. Sauti yako nzuri, haijabadilika.

Sasa sikiliza. Juzi nimefungua shauri baraza la wilaya. Nimeeleza kwa ukurasa mmoja, sentensi ya kwanza inasema nimenyang'anywa. Sosthenes amepewa nakala, amekasirika, amelichukua godoro lake. Nalala kwa Mama Amos na watoto, na mchana naingia shambani na kikapu mbele ya wachumaji wake wote, anitoe kama ataweza. Karani aliniuliza, mama, barua uliyoizungumzia, nani aliisoma yote? Nikamtajia majina yako yote matatu, na cheo chako kipya, na nyumba ya Ilomba mpaka rangi ya geti. Akaniuliza kama una uhusiano wowote na mimi. Nikamwambia aandike hakuna.

Samansi ya kukuita shahidi inakujia wiki hii, shauri ni tarehe 2 Julai, saa tatu asubuhi. Usipofika watakutumia nyingine, na hiyo nimeomba ipelekwe ofisini kwenu. Najua unachopoteza ukisema kweli, na ninajua hata Mama hatakulaumu ukidanganya. Watakupa msahafu ushike. Mimi nitakuwa nimekaa palepale mbele yako, na nitakutazama usoni mpaka umalize kujibu.

Severina Kalinga